Nimepitisha ramani Mji wa Kale: roshani imebaki, ghorofa imekataliwa

Haya nawaandikia walioachiwa nyumba na wazee wao Mji wa Kale, Mombasa, ambao kila Idi familia ikikutana wanaulizana waifanye nini. Yetu iko Kibokoni: chini na ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, paa la mabati, na mbele roshani ya mbao inayochungulia njia. Chini palikuwa na duka enzi za babu. Mimi na ndugu zangu watatu tuliafikiana tuigeuze nyumba ya wageni, na makaratasi yakaniangukia mimi kwa kuwa ndiye niliyebaki hapa. Wengine wako Nairobi na Dubai, na mchango wao mkubwa ni sauti za WhatsApp za dakika sita sita.

Nikiulizwa alama, safari nzima ya kupitisha ramani naipa 3 kati ya 5. Ule ukaguzi wenyewe, siku watu wanapokuja kuitazama nyumba na kuijadili michoro, ningeupa 5 bila kusita. Zilizopungua zimeliwa na kuzungushwa, na nyingine na ujinga wangu wa kuanzia mwisho.

Nianze na ujinga. Nilimtafuta mchora ramani niliyesifiwa, kijana hodari wa kuchora fleti za bara, nikamlipa nusu. Akaniletea kitu cha kupendeza: ghorofa ya pili juu ya ile iliyopo, roshani ya zege mahali pa ile ya mbao, madirisha ya alumini ya kuteleza, na chini geti la chuma la kukunja. Hakuniuliza nyumba iko mtaa gani, nami sikumwambia kwa kuwa sikujua kwamba ni neno. Wiki ile ile nikaona madirisha ya alumini yana punguzo, nikachukua manne. Kumbukeni hayo madirisha.

Jirani mmoja aliniambia nisihangaike. "Kilicho cha UNESCO ni Ngome, si nyumba yako. Jenga." Nusu ya maneno yake ni kweli. Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Lamu 2001, na mitaa yetu haimo. Lakini Mji wa Kale umetengwa kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu miaka ya 1990, na juu yake kuna sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Hiyo ni sheria ya Kenya, haingoji UNESCO. Kwa hiyo ramani ya huku hupita macho mawili. Kuna macho ya kaunti, kama ramani ya jengo lolote la Mombasa, na kuna macho ya uhifadhi, yanayotazama utabadilisha nini na kitaonekana vipi njiani.

Ramani yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu kama daftari la mtoto aliyelala darasani. Nilikasirika, nikaomba watu wa uhifadhi waje waione nyumba yenyewe. Wakaja wawili, mmoja na kamera, mwingine na futi na karatasi. Nami nikamwita fundi wetu wa siku zote, mzee ambaye mimi humwita ami ingawa hatuna damu, aliyewahi kuzima chokaa kwa mikono yake kabla simiti haijawa mfalme.

Walinianzia nje. Yule wa kamera akanivusha upande wa pili wa njia. "Dada, simama hapa. Tazama roshani tangu ile ya kona mpaka yenu." Nimezaliwa katika nyumba ile na sikuwahi kuitazama kutoka pale. Roshani zimepangana kimo kimoja karibu njia nzima, kila moja na mikono yake ya mbao chini na nakshi zake, na paa zinafuatana. Akaniwekea mchoro wangu mbele ya macho, akaniuliza ghorofa ya pili itakaa wapi katika mstari ule. Sikuwa na jibu. Ningekuwa jino lililochomoza.

Tukaingia ndani, na hapa ndipo nilipopata faida ya ada zote nilizolipa. Mchoro wangu ulivunja ukuta kati ya vyumba viwili ili kupata sebule pana ya wageni. Wa futi akapima, akaniuliza kama najua kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba. Nikasema umasikini wa zamani. Ami akacheka. Ni boriti, mwanangu. Mikoko haizai mti wa urefu unaoutaka wewe. Boriti inavuka mita mbili na nusu, tatu hivi, na upana wa chumba unafuata hapo hapo. Ule ukuta niliotaka kuuvunja ndio ulioshika vichwa vya boriti za pande zote mbili. Mchora ramani wangu aliuchora kama pazia.

Kisha habari ya simiti. Chini ukuta wa mbele unamwaga unga mweupe, nami nilikwishaandika "kupiga plasta ya simiti na kupaka rangi ya mafuta." Ami akauegemeza mkono wake pale, akaniambia niweke wangu. Palikuwa na ubaridi wa majimaji. "Ukuta huu wanywa maji ya ardhi, na watapika chumvi. Na chokaa yaliacha jiwe lipumue. Ukiliziba kwa simiti, chumvi itatokea wapi?" Akajijibu mwenyewe: itapanda juu, mpaka kwenye boriti. Wa futi akaongeza kuhusu zege la roshani: nondo zikikaa karibu na hewa ya bahari hushika kutu, hufura, zege likapasuka na kudondokea wapita njia. Mifano tulikuwa nayo mtaani, hatukuhitaji kwenda mbali.

Sasa matokeo, maana najua wengi wamerukia hapa. Ghorofa ya pili ilikataliwa. Roshani ni ya kukarabati kwa mbao, kwa umbo lile lile. Madirisha ya mbele yabaki ya mbao na ukubwa wake. Yale yanayotazama kiwanja cha ndani tuliachiwa huru zaidi, ila alumini inayong'aa walishauri tuiache. Geti la kukunja likakataliwa, milango ya duka ya mbao itengenezwe. Vyoo na bafu vipya vilikubaliwa vyote, kwa sharti mabomba yapite kiwanjani na yasikate boriti. Mashine za kupozea hewa zikae nyuma, na tangi la maji lisionekane kutoka njiani. Kibao cha nyumba ya wageni kiwe kidogo, kisichowaka taa. Rangi hawakunibana kama nilivyohofia. Mimi nilikuwa bado na kumbukumbu ya lile agizo la 2018 la majengo ya mjini kupakwa nyeupe na buluu, nikidhani nitapewa debe mkononi.

Sikukubaliana na kila kitu. Hoja ya ghorofa niliimeza, ya simiti naitetea mimi sasa. Lakini mbao ngumu si karanga. Roshani imetugharimu karibu mara mbili ya bei tuliyopigiwa ya zege, na mafundi wanaojua kuchonga ile mikono ya chini ni wa kuhesabu. Njia ni ya wote, watalii wanapiga picha bure, roshani nalipia mimi. Niliuliza kama kuna mfuko wowote wa kusaidia wenye nyumba. Nikapewa tabasamu. Na inauma zaidi ukijua kuna watu huziba mbele kwa mabati, wakajenga usiku na siku za mapumziko, na mabati yakiondolewa ghorofa imesimama. Mwenye kufuata utaratibu ndiye anayesubiri.

Na kusubiri nilisubiri. Wiki 11 tangu michoro ya pili mpaka barua. Kuna meza moja, sitaitaja, nilifika mara nne kwa karatasi moja. Mara ya kwanza mwenye mhuri ametoka. Mara ya pili yupo, faili halipo. Ya tatu faili lipo, limekosa picha za nyumba jirani, jambo ambalo hakuna aliyenitajia mara mbili za mwanzo. Ya nne nilikwenda na chupa ya chai na kitabu, nikakaa. Siku hiyo liliisha kwa dakika kumi.

Nililobaini ni kwamba hakuna aliyeniandikia orodha nzima ya vinavyotakiwa, kwa hiyo nawapa iliyokuwa yangu. Hati za umiliki, na kama mirathi ya marehemu haijagawiwa, anzeni huko kwanza, tena leo. Michoro ya nyumba ilivyo sasa, si ile ya ndoto peke yake. Mchora ramani wa kwanza hakuipima kabisa. Picha za mbele pamoja na majirani wa kushoto na kulia. Maelezo ya vifaa: chokaa au simiti, mbao gani, paa gani. Sisi tuliongezewa moja zaidi kwa sababu ukuta wetu wa kaskazini tunachangia na nyumba ya wakfu: barua ya wanaoisimamia kwamba wanajua tutaugusa. Mji wa Kale una nyumba nyingi za wakfu, na wengine wanamiliki nyumba bila ardhi iliyo chini yake, kwa hiyo ulizieni ukuta na kiwanja ni vya nani kabla ya kuulizia rangi.

Ningeanza upya, ningekwenda kuuliza mkono mtupu, bila mchoro. Nilipofika na ramani iliyokwisha kulipiwa nilikuwa naitetea pesa yangu, si nyumba. Mchora ramani wa pili alitoka katika mitaa hii hii, akakaa kiwanjani asubuhi nzima akipima, na michoro yake ilirudi na maswali mawili tu. Bei yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya yule wa fleti. Nikijumlisha niliyempa wa kwanza, wa pili ndiye rahisi.

Kazi inaendelea. Roshani imekwisha upande mmoja, na ami huja jioni kuigonga gonga na fimbo yake, asiseme kitu. Ndugu yangu wa Dubai bado anatuma sauti kuhusu ghorofa.

Na yale madirisha manne ya alumini, hayajatolewa hata karatasi, yako chini ya ngazi. Futi nne kwa nne, yana vioo vya rangi ya moshi. Aliye na nyumba mpya Bombolulu au Mtwapa aje tuzungumze, bei haitatushinda.