Kuhamisha tovuti na domeini yangu: kampuni niliyoikimbia na kampuni niliyoikimbilia

Ninaendesha shughuli ndogo ya kupokea wageni hapa Kilwa Masoko, mkoani Lindi. Wengi wao huja kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, na karibu wote huanza kwa kuniandikia barua pepe kupitia tovuti yangu wakiwa bado kwao, wakiuliza habari za boti, kibali na mahali pa kulala. Tovuti kwangu si pambo; ndiyo inayoniletea riziki.

Kampuni ya zamani, iliyoko Dar es Salaam, ndiyo iliyonisajilia domeini ya .com, yaani jina la tovuti yangu kwenye intaneti, na kuihifadhi tovuti kwenye seva zake kwa miaka kadhaa. Tovuti ilikuwa nzito, na mara nyingine haikufunguka kabisa, lakini hayo ningeendelea kuyavumilia, kwa kuwa huku tumeshazoea intaneti ya kusuasua, na mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, hata walioko Dar es Salaam walikwama. Nisichoweza kukivumilia ni jinsi nilivyojibiwa nilipoomba msimbo wa kuhamishia domeini.

Msimbo huo ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, ambao msajili mpya, yaani kampuni ya kusajili domeini unayohamia, huudai ili awe na uhakika kwamba mwenye domeini ndiye aliyeomba ihamishwe. Kanuni za ICANN, chombo kinachosimamia majina ya intaneti duniani, zinamtaka msajili aliyenao amwezeshe mteja kuupata ndani ya siku 5 tangu auombe, na zinamkataza kuuzuia eti kwa sababu tu kuna mgogoro wa malipo. Mimi sikuwa hata na huo mgogoro. Risiti zangu za kila mwaka ninazo. Niliandika kwa adabu, kukawa kimya. Niliandika tena, kukawa kimya vilevile. Ndipo nikapiga simu.

Kijana aliyeipokea aliniacha nieleze mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mzee wangu, domeini si kiwanja, huna hati. Wewe umepanga tu kwetu. Ukitaka kuondoka, kuna ada ya kuachiliwa." Nikamuuliza ada hiyo imeandikwa wapi katika makubaliano yetu. Akacheka, na simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Mtu anayechukua fedha zako mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya jina ulilolibuni mwenyewe, lililoandikwa kwenye boti zako na kwenye fulana za vijana wako, anapata wapi ujasiri wa kukuambia kwamba umepanga? Jina la mwenye domeini katika usajili lilikuwa langu. Ila walikuwa wameweka anwani yao ya barua pepe mahali pa anwani yangu, kwa hiyo kila taarifa ya kuidhinisha uhamisho ilikuwa inaangukia mikononi mwao. Huo ndio mnyororo waliokuwa wamenifunga nao, na sikuwahi kuambiwa kwamba upo.

Kampuni mpya ndiyo iliyonifungua, na hapa nataka niwatendee haki. Dada aliyenihudumia alinisalimu vizuri, akanisikiliza, kisha akanieleza kwamba wale wa Dar es Salaam ni mawakala tu na kwamba msajili mwenyewe yuko nje ya nchi. Akanisaidia kumwandikia huyo msajili moja kwa moja, tukiambatanisha kitambulisho changu cha taifa na zile risiti. Anwani ikabadilishwa, msimbo ukaja kwangu. Wakati tunasubiri, alikuwa ameshanakili mafaili na hifadhidata, akanionyesha tovuti ikifanya kazi kwenye anwani ya muda, picha zote zikiwa mahali pake, kabla hata domeini haijaelekezwa kwenye seva zao. Siku ile ningeulizwa, ningewapa sifa zote bila kubakiza.

Leo sisemi hivyo. Tovuti ilihama salama, lakini barua pepe ziliachwa nyuma. Rekodi za MX, ambazo ndizo zinazouambia ulimwengu ujumbe wako upelekwe kwenye seva gani, walizinakili kama zilivyokuwa, zikaendelea kuelekeza kwa kampuni ya zamani, ambayo nayo ilikuwa imeshaifunga akaunti yangu. Nilikuwa nimeuliza waziwazi kabla ya kuhama kama barua pepe zitakuwa salama, nikajibiwa nisiwe na wasiwasi. Ulikuwa msimu wa wageni. Mume na mke kutoka Ujerumani, waliokuwa wameshanitajia tarehe zao, waliandika, ujumbe ukarudishwa, wakaandika tena, ukarudishwa, na waliponipata kwa WhatsApp walikuwa wameshalipia safari kwa mtu mwingine. Wakaniambia walidhani nimefunga shughuli. Wangapi wengine waliandika wakakata tamaa bila kunitafuta, sitajua.

Yule dada aliniomba radhi bila kuzunguka na kurekebisha rekodi siku ileile. Ninalipokea ombi lake, na bado ninasema kwamba kampuni inayojitangaza kuwa inahamisha tovuti za biashara haipaswi kuisahau barua pepe. Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota nne. Kila nikiwakumbuka wale Wajerumani ninashuka hadi mbili, na nikikumbuka kicheko cha yule kijana wa kampuni ya zamani ninapanda tena.

Kwa kawaida domeini ikishahamia kwa msajili mpya haihamishwi tena hadi zipite siku 60, kwa hiyo kwa sasa nipo kwao. Nimedai nipewe kwa maandishi orodha ya rekodi zote za domeini yangu, pamoja na uthibitisho kwamba anwani iliyosajiliwa ni yangu, na vyote nimevipata. Kampuni ya zamani imenitumia ankara ya mwaka ujao. Sitailipa.