Bomba la kuchaji la lita 16 kwenye pamba: zuri, ila anza na nozeli

Mabomba haya ya mgongoni ya kupulizia dawa, yanayoendeshwa na betri, yanapatikana sasa kwenye maduka ya pembejeo Mwanza mjini, na wakulima wa pamba wa Magu, Kwimba na Misungwi wanayanunua ili kupumzisha mkono. Sifa hiyo ni ya haki. Betri ikiwa imejaa, pampu husukuma dawa kwa nguvu ileile mstari mzima, wakati bomba la mkono hulegea kila mpulizaji anapochoka.

Shida iko kwenye nozeli, ile ncha inayotoa dawa. Ile ya matundu manne hupendwa kwa kuwa inamaliza shamba upesi, lakini matone yake ni makubwa, huteleza juu ya jani na kuishia ardhini, huku vidukari na chawajani wametulia upande wa chini wa jani. Ile bapa iachie dawa ya magugu. Kwa wadudu, funga ya koni yenye tundu moja na uielekeze juu kutoka ubavuni mwa mmea.

Kisha pima. Chukua eneo la mita 10 kwa 10, weka maji matupu ya kipimo unachokijua, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, halafu pima yaliyobaki. Lita zilizotumika zidisha kwa 40. Hayo ndiyo maji ya ekari, kwa kukadiria. Tuseme lebo inataka nusu lita ya dawa kwa ekari. Ukitumia maji lita 60, kila bomba linastahili mililita 133. Ukitumia lita 120, ni 67 tu. Matundu manne humaliza maji mengi zaidi kwa ekari. Kwa hiyo anayehamia huko na kubaki na kizibo chake kilekile cha kupimia dawa kwa kila bomba anaweza kumwaga dawa maradufu, kisha anailaumu kuwa feki. Funza wa vitumba, tena, akishatoboa na kuingia ndani hafikiwi na nozeli yoyote: kagua mayai na funza wachanga mapema.

Mengi ya mabomba haya hayana kikorogeo tangini, hivyo dawa ya unga hutuama. Litikise bomba kila baada ya mistari michache. Maji ya lambo yenye tope huziba kichujio cha kwenye mpini na udongo wake hunasa dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi, basi tumia ya kisima; ukikosa, yachuje kwa kitambaa. Masalio usiyasuuzie ziwani. Dawa hizo huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Bomba lililotumika kwa 2,4-D, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi au majaruba ya mpunga lisiguse pamba kabisa. Mabaki kidogo tu hukunja majani. Ukinunua la mtumba, hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko betri iliyochoka.

Dukani, jaza maji na uliinamishe: washa (mpira wa kuzuia kuvuja) ya mfuniko ikipitisha maji, dawa itakushukia mgongoni. Uliza pia kama washa na nozeli za akiba zinauzwa hapohapo. Kama hazipo, chukua la mkono.