Buti mpya za pikipiki juu ya mawe ya Goma: miezi minne ya kuzizoea

Kabla ya buti hizi nilikuwa naendesha kwa viatu vya kawaida, na Jumapili kwa kambambili, kama wamotari wengi, wabeba abiria kwa pikipiki, wa mji huu. Kilichonibadilisha ni kuanguka kidogo mtaani Majengo. Nilikuwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la mbele likateleza juu ya jiwe, pikipiki ikalala kushoto, na kifundo changu kikabaki katikati ya chuma cha kukanyagia na jiwe la volkano. Mawe ya Goma anayeyajua anayajua: matundu kama sponji, makali kama chupa iliyovunjika. Wiki tatu nilichechemea. Mimi ni fundi wa friji, kutwa nazunguka Himbi, Katindo, Ndosho, mara nyingine hadi Sake. Mguu ukilala, na chungu kinalala.

Binamu yangu aliye Kampala akanitafutia. Dola 120, mpya kabisa, namba 43, ngozi nyeusi, zinafika katikati ya muundi, zipu upande wa ndani. Jina la kiwanda silitaji, maana hapa nasimulia zaidi habari za mguu wangu.

Ukinunua, angalia kwanza lebo ya ndani. Buti ya pikipiki ya kweli ina kapicha ka mtu juu ya pikipiki, maandishi EN 13634, yaani kiwango cha Ulaya cha buti za pikipiki, halafu tarakimu nne, kila moja 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili ni ngozi kustahimili kusuguliwa barabarani, ya tatu ni kustahimili kukatwa, ya nne ni ugumu wa soli inapobanwa kwa upande. Mbili ndiyo ya juu. Mimi hiyo ya nne ndiyo niliyoitafuta, kwa sababu ya Majengo. Buti za jeshi na zile za mgodini zinazouzwa Birere ni ngumu, sikatai, ila hazina lebo hiyo.

Muuzaji alimwambia binamu: "Atavaa siku mbili, atasahau." Uongo mtupu. Siku ya kwanza sikuweza hata kukunja kifundo. Nikaamua kuzivaa nyumbani jioni, kwa muda wa saa moja hivi, na soksi nene, kwa kuwa jioni mguu umevimba kidogo na buti inajifunza ukubwa wake halisi. Ila nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi za hapa, na sakafu ni mbao pia. Kila hatua ngoma. Siku ya tatu jirani akagonga ukuta. Mama watoto naye akaniangalia toka juu hadi chini: "Papa, na ile mabuti unaenda ku vita gani?" Nikahamia uani.

Kisigino cha kulia kilitoa lengelenge wiki ya kwanza. Nililifunika kwa plasta kabla halijapasuka, nikapaka vaselini kidogo kila asubuhi, likaisha. Kilichonitesa zaidi ni mkunjo. Fundi wa friji hupiga magoti kutwa, na kila nikipiga magoti ngozi ilijikunja pale pale juu ya kidole kidogo ikanibana kama koleo. Ajabu ni kwamba mkunjo huo ndio uliozilainisha. Wiki ya tatu ngozi ya mbele ilikuwa imekubali, wakati shingo ya buti, ambayo haikunjwi na kazi yangu, bado ilikuwa kama bati.

Sasa tuje kwenye gia, au vitesi kama tunavyosema hapa. Hili hakuna aliyeniambia. Pikipiki yangu ni Honda XL 125 ya zamani: ya kwanza unakanyaga, nyingine zote unainua kwa kidole. Kwa kiatu chembamba kidole kilikuwa kinaona. Kwa buti hizi, pua yake ni nene hivi kwamba haikuingia chini ya fimbo ya gia. Siku ya kwanza barabarani, karibu na Rond-Point Signers, nainua, hakuna kitu, nainua tena, injini inalia bure, nyuma yangu basi linapiga honi. Nikajikuta nainua goti zima kama kuku anayevuka matope. Motari mmoja akanipita akicheka: "Yaya," yaani kaka, "shuka usukume!"

Dawa yake ilinichukua dakika kumi na ufunguo namba 10. Fimbo ya gia imeshikwa kwenye mhimili wenye meno. Unaweka alama kwa kalamu mahali ilipokuwa, unafungua boliti mpaka itoke kabisa, unaichomoa fimbo, unaisogeza jino moja juu, unarudisha. Jino moja tu lilinitosha. Nilijaribu mawili, nikashindwa kuipata gia ya kwanza bila kuinua kisigino kutoka pale kinapokaa. Ubaya ni kwamba mdogo wangu, anayeazima pikipiki akiwa na kambambili, sasa analalamika yeye. Aendelee tu.

Upande wa kulia kosa lilikuwa la kimyakimya. Soli nene haikunipa habari, kwa hiyo mguu ulikuwa umepumzika juu ya breki bila mimi kujua. Nilitoka Ndosho hadi mjini taa ya nyuma ikiwaka njia nzima, na nilipofika ngoma ya gurudumu ilikuwa ya moto kiasi cha kunukia. Hiyo nayo nikairekebisha: nilishusha pedali kidogo, kisha nikaangalia upya waya wa breki na swichi ya taa. Vitu hivi viwili, gia na breki, ndivyo ningefanya kabla ya safari ya kwanza kama ningekuwa na mtu wa kuniambia.

Mvua. Lebo ina herufi WR, maana yake buti ilipimwa kwa maji, na kweli haipitishi. Tatizo lilikuwa mimi. Nilichomeka suruali ndani ya buti ili nionekane, mvua ya Sake ikafuata suruali ikashuka ndani, na buti isiyopitisha maji kuingia haipitishi maji kutoka pia. Nilifika nyumbani nimebeba ndoo mbili miguuni. Nikazijaza magazeti, nikabadilisha magazeti mara tatu, zikakauka baada ya siku mbili ndani ya nyumba. Mwenzangu wa kazi alizikausha zake kando ya mbabula, jiko la makaa. Gundi ililainika na soli ikafungua mdomo. Tangu siku hiyo suruali yangu inakaa nje ya buti, na juu yake suruali ya mvua.

Miezi minne sasa. Kushoto, juu ya dole gumba, fimbo ya gia imeshachora mstari wake kwenye ngozi. Nimegonga mawe mara nyingi, kifundo hakijasema neno. Kwa mtu anayefanya kazi kama yangu, ningezinunua tena. Kwa motari ambaye kila jioni lazima ampelekee mwenye pikipiki pesa yake, dola 120 ni mzaha, na sitamwambia kitu.

Lawama yangu iliyobaki ni zipu. Vumbi letu jeusi ni jiwe lililosagwa, linaingia katikati ya meno na kuyatafuna. Kila Jumamosi nasugua kwa mswaki wa zamani na kupitisha mshumaa juu yake. Ya kulia imeanza kukwama katikati hata hivyo, na fundi viatu wa Birere ameshaniambia zipu ya urefu ule hana, niangalie kwenye mifuko ya mitumba.