A-Level, IB, AP au foundation: kipi umlipie mtoto anayelenga chuo

Wazazi wenzangu ambao watoto wanamaliza form four au IGCSE (mtihani wa kimataifa wa ngazi hiyo hiyo), swali la mtoto asome nini kabla ya chuo, A-Level, IB (diploma ya kimataifa), AP (masomo ya Marekani ya kiwango cha chuo) au foundation (mwaka wa maandalizi ya chuo), kila mwaka linarudi na majibu yanakuwa majina ya shule na ada tu, fulani ni nzuri, fulani ina bwawa la kuogelea. Ila unachonunua ni cheti, na kazi yake ni moja, kumuingiza mtoto kwenye kozi anayoitaka kwenye nchi mnayoimudu. So kabla hujalipia hata fomu, kaeni muandike kozi mbili tatu na nchi mbili, na moja kati ya hizo nchi iwe nyumbani. Hiyo ya nyumbani naisisitiza sana maana viza zinakataliwa, ufadhili unakosekana, dola inapanda, halafu ndio mtu anagundua mtoto aliyesoma kwa mamilioni hana sifa za kuingia Muhimbili.

Chukua udaktari. Vyuo vingi vya Uingereza vinataka Kemia na Baiolojia, somo la tatu unachagua, basi mtoto anachukua Kemia, Baiolojia na Hesabu na kila mtu shuleni anafurahi. Lakini kwa MD ya hapa Tanzania muongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, ile PCB yetu ya siku zote. Kama Fizikia hana, hata awe na A* tatu mlango umefungwa, na kuja kuisoma upya ni mwaka mwingine na hela nyingine. Hapo shida sio mfumo, ni masomo yaliyochaguliwa bila kuangalia nyumbani.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja, kwa familia nyingi, ni A-Level, iwe ya Cambridge au ya Pearson Edexcel. Masomo matatu, wachache wanafanya manne, miaka miwili, madaraja A* mpaka E. Mtoto anayejua anachotaka anazama kwenye masomo yake na kuachana na yasiyomhusu, na kila somo linasimama lenyewe, akiteleza moja bado mengine mawili anayo. Uingereza ndio nyumbani kwa A-Level yenyewe, Marekani vyuo vingi vinaipa krediti ukifaulu vizuri, na Afrika Mashariki inaeleweka bila maelezo mengi. Kingine, unaweza kufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia British Council, hilo kwenye IB ya kawaida halipo, lazima uwe kwenye shule iliyosajiliwa. Ila mtahiniwa wa kujitegemea ana matatizo mawili ambayo watu hawayasemi. La kwanza ni maabara, maana Cambridge wana mtihani wa vitendo kabisa kwenye sayansi na sio kila kituo kitakupokea, wakati Edexcel ya kimataifa mtihani wa vitendo ni wa kuandika, hapo ni nafuu kubwa. La pili ni makadirio ya matokeo, chuo cha Uingereza kinataka mwalimu aseme mtoto anatarajiwa kupata nini, sasa kama hana shule, nani atasema? Lipeni hata tyuta anayeheshimika au kituo kinachokubali kuandika barua ya hayo makadirio, na mkubaliane mapema, maana kwa udaktari na kwa Oxford na Cambridge maombi ya UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, yanafungwa 15 Oktoba, miezi mingi kabla ya mtihani wa mwisho.

Edexcel ya kimataifa pia mitihani yake imegawanywa vipande vipande, kipande kimoja kikiharibika unarudia hicho tu. Kwa mtoto anayepaniki kwenye mitihani mikubwa ningeenda huko bila kufikiria mara mbili.

Namba mbili ni IB Diploma, na kwa mtoto sahihi inapanda namba moja. Masomo sita, matatu ngazi ya juu, insha ya utafiti ya maneno 4,000, somo la nadharia ya maarifa, na shughuli za jamii na michezo. Alama za juu kabisa ni 45, na akiwa chini ya 24 diploma hapati. Inamfaa anayependa kusoma na kuandika, ambaye bado hajajua kama ni uchumi au sayansi, na anayelenga Marekani au Uholanzi. Mtoto mkali wa Hesabu anayechukia kuandika atateseka bure. Kitu kizuri ambacho wazazi wengi hawakijui, mtoto anaweza kuchukua Kiswahili kama lugha ya kwanza, fasihi kabisa, na masomo mengine kwa Kiingereza, akatoka na diploma ya lugha mbili, mimi hilo linanifurahisha sana. Sasa angalieni hapa, kwa kawaida IB inaruhusu sayansi mbili, hiyo PCB yote mpaka shule iombe ruhusa maalum kwa sababu ya masharti ya vyuo vya nchi fulani, kwa hiyo muulizeni mratibu wa IB swali hilo siku ya kwanza. Na kwa injinia achukue Hesabu ile ya AA (Analysis and Approaches) ngazi ya juu, sio AI (Applications and Interpretation).

Ada ndio inayoiangusha. Lakini UWC (United World Colleges, mtandao wa shule za kimataifa) wana kamati Tanzania na Kenya zinazochagua watoto kwa ufadhili, na kuna UWC East Africa hapo Moshi na Arusha, jaribuni kabla ya kusema haiwezekani.

Namba tatu mtashangaa, ni form six yetu ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) nzuri pamoja na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, inamfikisha mtoto Marekani, vyuo vingi vya Uingereza vinaitambua, na nyumbani haina maswali. Kama hela ni ya kuunga unga nendeni huku, mbaki na akiba ya chuo chenyewe. Wakenya wa KCSE (mtihani wenu wa form four) hamna hii njia kwa sababu form six iliondolewa, kwenu ni A-Level, IB au foundation.

AP ni ya Marekani, alama 1 mpaka 5, mitihani ni Mei. Kama shule ni ya mfumo huo sawa, ila diploma ya Marekani bila AP ni ngumu kuilinganisha na form six.

Foundation naiweka mwisho. Ni mwaka mmoja na inaokoa muda, lakini nyingi zinakuingiza chuo hicho hicho au vichache vya karibu nacho, ukibadili mawazo huna kitu mkononi. Omba orodha ya vyuo vinavyoipokea, kwa maandishi.

Kwa wote wenye vyeti vya nje, NECTA lazima wakulinganishie matokeo kabla ya kuomba chuo hapa. Matokeo ya IB yanatoka mwanzoni mwa Julai, ya A-Level ya Juni yanatoka katikati ya Agosti na mara nyingi dirisha la kwanza la maombi ya vyuo la TCU linakuwa limefungwa au linafungwa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo andaa nyaraka zote mapema na uwahi dirisha la pili. Aliyefanya mtihani wa Novemba anapata majibu Januari na ana nusu mwaka mzima wa kushughulikia hizo taratibu.