FamilySearch kwa majina ya Mombasa: Deimler hupatikana, Mandhry ni kazi

Mtu wa Mombasa akitaka kujua lakabu ngeni ya ukoo wake imetoka wapi, siku hizi huelekezwa FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, kwa sababu ni ya bure. Na kweli ni bure. Unafungua akaunti, basi. Hakuna mwezi wa majaribio unaokuja kukata pesa kwenye kadi. Tatizo ni kwamba imeundwa kwa watu ambao jina la mwisho la babu ndilo la mjukuu, na mji huu haukupanga majina yake hivyo. Ukiitumia kama ilivyo utaletewa Wajerumani wa karne ya kumi na nane. Ukijua pa kuibana, inafaa.

Inafaa zaidi kwa majina ya Freretown. Kijiji hicho cha CMS, shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza, kilianzishwa miaka ya 1870 upande wa Kisauni kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo Waafrika waliolelewa India, Sharanpur karibu na Nasik. Huko walipewa majina ya ubatizo na ya wamisionari. Ndipo unapokuta William Jones, Ishmael Semler na James Deimler, wote Waafrika. Deimler lilikuwa jina la mmisionari Mjerumani wa CMS aliyefanya kazi Bombay.

Kwa jina adimu kama hilo, weka alama ya ulinganifu kamili kwenye jina la ukoo, lakini mahali paache papana: Kenya kwanza, kisha India, kwani ubatizo huenda ulifanyika huko. Kwa Jones fanya kinyume: bana mahali na miaka, la sivyo utazama katika Jones wa Wales. Vyovyote iwavyo, mfumo ukikupendekezea babu wa Bavaria, mkatae. Jina lilitolewa kwa heshima, damu haimo. Watu wengi huharibu shajara ya nasaba hapo hapo, kwa kubofya kukubali.

Majina ya Mji wa Kale ndiyo yanayochosha. Karani mmoja aliandika Mandhry, mwingine Mandhri, wa tatu Al-Mandhari. Mwenye lakabu ya Kibaluchi yumo kama Baluchi, Balushi au Bulushi. Kwa majina ya Kizungu mfumo wenyewe hujaribu tahajia zinazokaribiana; kwa haya usiutegemee. Tumia nyota, inayoshika herufi zozote hata kama hakuna, na alama ya kuuliza, inayoshika herufi moja tu. M*ndh*r* hukusanya Mandhry, Mandhri na Mandhari. B*l*sh* huwakosa Baluchi, kwa hiyo hao watafutie B*l*ch* kando. Ondoa “Al” na “bin” kabisa mara ya kwanza. Zirudishe mara ya pili, kwani kuna makarani walioziunganisha na jina likawa neno moja. Majina ya Kihadhrami yanayoanza na Ba, kama Bawazir na Bajaber, pengine yamekatwa vipande viwili, Ba ikaingia sehemu ya jina la kwanza.

Kisha kumbuka kwamba lakabu yenyewe huenda haikuandikwa. Salim bin Khamis bin Juma al-Mandhry anaweza kuwa Salim Khamis tu, na mwanawe akawa na jina la mwisho Salim. Acha nafasi ya jina la ukoo tupu, jaza jina la mtu, la baba yake katika sehemu ya mzazi, na mahali. Njia hii ndiyo yenye tija kuliko zote, na haimo katika maelekezo ya mwanzo.

Kwa Wagiriama mtego ni mwingine. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, basi Kahindi Katana humzaa Katana Kahindi, naye humzaa Kahindi Katana. Mfumo ukiona wawili wenye jina moja na kijiji kimoja, huuliza kama ni mtu mmoja. Usiwaunganishe kabla ya kuona miaka: babu na mjukuu hutengana kwa takriban nusu karne. Na anayetafuta “ukoo wa Kazungu” ataletewa nusu ya Kilifi, maana hilo ni jina la mtu, si la mbari.

Majina ya kazi ya Kigujarati, kama Lokhandwala wa chuma na Kapadia wa nguo, hayana shida kubwa. Ya Wagoa ni suala la D'Souza na De Souza tu.

Usitegemee kumbukumbu nyingi za kuzaliwa. Usajili wa serikali Kenya ulianza 1904 kwa Wazungu, na haukuenea nchi nzima hadi 1971. Pia si kila picha ya kumbukumbu hufunguka nyumbani: yenye alama ya kamera na ufunguo hutaka uende kwenye kituo chao, au ina masharti mengine. Ibofye usome masharti kabla ya kupanda matatu.

Jambo moja familia za Kiislamu zilijue mapema. Tovuti ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kanisa hilo lina ibada ya kuwabatiza marehemu kwa niaba. Mti wa nasaba humo ni mmoja kwa dunia nzima. Walio hai hufichwa, marehemu huonekana na wote na yeyote anaweza kuwahariri. Asiyetaka hayo atafute humo tu, nasaba yake aijenge katika Gramps, programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta yako. Gramps pia humpa mtu mmoja majina kadhaa ya ukoo na kueleza kila moja asili yake: la baba, la mahali, la kazi. Kwa mtu wa pwani hiyo ni nafuu kubwa.

FamilySearch ikigoma, hamia kwenye Gazeti Rasmi la serikali katika Google Books, ambalo lilianza kutolewa 1899. Humo mna matangazo ya mirathi, ardhi na ubadilishaji wa majina kwa hati, ambapo jina la zamani na jipya huandikwa pamoja. Mashine iliyosoma kurasa huchanganya “rn” na “m”, kwa hiyo jina lenye herufi hizo litafute kwa namna zote mbili.