Paneli ya swichi sita kwenye boti ya uvuvi: uso mzuri, mgongo wa kufunga upya

Paneli hii nimeifunga kwenye boti yangu ya kuvulia samaki, mfumo wa volti 12. Swichi zenyewe nazisifu. Nyaya zilizokuja nazo sizitaki. Kibandiko kinadai haiingii maji. Kwa upande wa uso ni kweli, maji yanairukia kila siku na hakuna swichi iliyogoma. Ila mgongo uko wazi kabisa, tamino (vichwa vya chuma vya kuungia nyaya) nje nje, na unyevu wa chumvi haupigi hodi mlango wa mbele.

Kila swichi ina taa ndogo na tamino tatu. Moja inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, ya pili inaupeleka kwenye kifaa, ya tatu ni hasi ya hiyo taa ndogo tu. Hapo ndipo wengi hupotea. Taa ya swichi ikiwaka, ujue umeme umepita kwenye swichi, basi. Pampu inaweza kuwa imekufa na taa ya omo, yaani ya mbele ya boti, imezimika. Na taa ndogo ikikataa, huenda kifaa chenyewe kinafanya kazi kama kawaida. Humu hasi za taa zote sita zimerukishwa kutoka swichi hadi swichi kwa vipande vya waya mwembamba, kwa hiyo kiungo kimoja kikilegea, zote zinazokifuata huzimika pamoja. Kwangu zilizimika tatu za chini, dawa ikawa koleo tu.

Kilichonisumbua hasa ni taa za kusafiria. Swichi inawaka, nyekundu na kijani za omo zimelala. Nikachomoa balbu, nikapima kwenye soketi: volti 12.6, yaani betri imejaa. Ukiiamini mita hapo utanunua balbu bure. Mita haivuti umeme wa maana, hivyo hata kiungo kilichooza kinaonyesha volti zote ilimradi hakijabebeshwa mzigo. Nikarudisha balbu, nikawasha swichi, nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa hasi wa taa. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya 11. Umeme ulikuwa unafika vizuri, ukakosa njia ya kurudi. Nikaufuata waya mweusi hadi kwenye baa ya hasi, kipande cha chuma zinapokutana nyaya zote za hasi, chini ya sukani, nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani ndani ya tamino. Hilo si kosa la paneli. Nalitaja kwa kuwa ukifunga paneli mpya juu ya nyaya kuukuu, lawama ya kwanza huangukia paneli.

Kosa la paneli yenyewe liko kwenye mchoro wake wa kuunga nyaya. Kuna swichi ya taa za kusafiria na nyingine ya taa ya nanga, na taa nyeupe ya mlingotini imechorwa ikipokea waya kutoka kwa zote mbili. Funga hivyo, kisha washa ya nanga: umeme unapita kwenye kile kiungo, unarudi nyuma hadi nyekundu na kijani, zote zinawaka. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini haziko hivyo. Boti iliyotia nanga huonyesha nyeupe peke yake. Nimeng'oa moja nikaweka swichi ya hatua tatu yenye seti mbili za tamino zilizotengana: juu zinawaka zote, katikati zimezimwa, chini nyeupe tu. Swichi hiyo ilipaswa kuwemo kwenye boksi.

Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayotuama chini ndani ya boti, nayo imepewa swichi ya kuwasha na kuzima tu. Boti ikilala majini huku swichi kuu imezimwa, nani atafua maji? Waya wa swichi ya boya, inayojiwasha maji yakipanda, nimeupeleka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake hapo hapo karibu na betri. Ya paneli nimeibakiza kwa kuwashia kwa mkono. Fyuzi zilizokuja ni za amperi 15 kila mahali, na pampu ndogo huhitaji chache tu. Uzi wa wavu ukikwamisha panga la pampu, fyuzi kubwa hivyo itaiacha iungue. Soma maandishi ya pampu yako, uweke inayoandikwa hapo.

Nyaya zote za mgongoni nimebadilisha kwa shaba iliyopakwa bati, tamino za kubana, na mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Tepu ya kawaida sikuitumia, inafuga maji. Nimeacha nyaya zenye urefu wa kutosha kuivuta paneli nje nzima wakati wa kukagua.

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye mita na koleo la kubania tamino ainunue. Anayetaka ya kuchomeka na kwenda kuvua atafute nyingine.