Coulée de Serrant: waini isiyotaka haraka

Kama umezoea waini nyeupe ya kutoa kwenye friji, kufungua na kumimina hapohapo, basi nakwambia mapema usiihukumu hii kwa glasi ya kwanza. Ni ya familia ya Joly, Savennières, bonde la mto Loire huko Ufaransa, shamba la hekta 7 hivi tu, zabibu aina moja, chenin blanc, na mizabibu ilianza kupandwa pale na watawa karne ya 12. Nicolas Joly alikuwa mtu wa benki, akaacha akarudi nyumbani, na kufikia 1984 shamba lote likawa la kilimo cha bayodainamiki, binti yake Virginie naye yumo kwenye kazi.

Sasa bayodainamiki yenyewe, hamna dawa za viwandani wala mbolea ya chumvichumvi, afu kuna ile ya samadi inashindiliwa ndani ya pembe la ng'ombe, inafukiwa kipindi chote cha baridi, ikifukuliwa inachukuliwa kidogo sana inakorogwa kwenye maji saa nzima, upande huu afu upande ule, ndo inanyunyizwa shambani. Mawazo haya yalianza na mihadhara ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, ya 1924. Habari za kupanga kazi za shamba kwa kufuata mwezi na nyota, ambazo nazo zimo humo, kiukweli hazijanishawishi, ila mtu anayefanya hayo yote na bado analima mteremko mkali kwa farasi lazima ashinde shambani, anaona jani linaumwa kabla ugonjwa haujasambaa. Kilimo cha simu hapa hakiwezekani, na mimi naamini siri kubwa ndo hiyo.

Zabibu wanazichuma zimeiva haswa, juisi inachachuka kwa hamira yake ya asili, hawaongezi ya paketi. Ukimimina rangi ni dhahabu iliyokolea, mwanzoni imejifunga, unasikia kileo na ukakasi kama wa ganda la tufaha basi. Iache wazi mpaka kesho yake, Joly mwenyewe anashauri ifunguliwe mapema, aisee inabadilika kabisa, inakuja asali, nta, maua makavu, na ladha inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Usiipoze sana, baridi inaificha.

Ni ghali, na kila mwaka wa mavuno una tabia yake. Ya kugongesha glasi sherehe ya watu wengi tafuta nyingine, hii ni ya watu wawili watatu na mlo usio na haraka.